Isale Ndani ya Chupa

Mtaa wa Kongo, Kariakoo,
Dar es Salaam.
8 Aprili 1956

Kaka yangu Isidori,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye maji. Mvua imegeuza Jangwani kuwa ziwa, watu wa bondeni wanapita wamebeba vitanda vichwani, lakini sisi wa Mtaa wa Kongo hatujambo. Marcelino wangu bado yuko karakana ya reli pale Gerezani, anarudi jioni na grisi mpaka kwenye nyusi, Celina anamkimbia akidhani ni mtu mwingine. Huyo Celina ameota jino la pili na ananing'ata kila anyonyapo. Hasira zile amezitoa kwako, usikatae.

Biashara ya ndizi inakwenda kwa kuchechemea. Lori la Ignasi linakwama njiani, likifika hapa ndizi mshare zimekwisha kuiva nusu. Mama je, anakunywa ile dawa ya kifua, au anaimwagia mgomba kama mwaka jana? Na wifi Scholastika? Mwambie kitenge chake nimekipata, kitakuja.

Sasa neno lenyewe. Padre Dolani yuko hapa Dar es Salaam! Jumanne nimeinama sokoni nagawa mkungu, nikasikia mtu nyuma yangu anauliza bei kwa Kichagga. Kichagga cha kwetu kabisa, cha juu kwenye baridi. Kugeuka, ni yeye, na lile sikio lake lililokunjamana! Nilipiga ukelele mpaka Mama Benedikta wa vitunguu akadhani nimeporwa.

Amekonda, kaka. Wakubwa wake wamesema amezeeka, arudi kwao Ayalandi akapumzike. Amewekwa katika nyumba ya mapadre mjini, anangoja meli ya mwezi wa nane. Na hataki kwenda. Aliniambia hivi: "Theopista, huko kwetu wote walionijua wamekufa. Mimi niende nikamwamkie nani?" Kitu kimoja tu kinaweza kumrudisha mlimani. Wakubwa wamekubali kwamba wazee wa kanisa la misheni yetu wakimwomba kwa kinywa kimoja, na wakaahidi kumtunza mpaka siku yake ya mwisho, basi atarudi. Na mwenyekiti wa wazee hao ni nani kama si wewe?

Nimeshamwambia alale usingizi, kaka yangu atalimaliza hilo. Ajabu ni kwamba hakufurahi. Alisema tu "Isidori," akatazama viatu vyake, akalipa, akaondoka bila kuchukua chenji.

Nijibu upesi, barua isije ikafika meli imeondoka.

Mdogo wako anayekusumbua,
Theopista


Misheni, Moshi.
2 Mei 1956

Mdogo wangu Theopista,

Marahaba. Barua yako ilichelewa, daraja la chini lilichukuliwa na maji, posta ikakaa Moshi mjini inatutazama. Tumshukuru Mungu sote wazima. Mama anakunywa dawa, anatema nusu, nusu inamtosha. Ng'ombe amezaa, ndama ni dume tena. Kahawa imetoa maua mengi, nikiyatazama naogopa kufurahi mapema. Scholastika anasema kitenge kiwe chekundu.

Mzee Polycarp jirani amevunjika kiuno akiteremka kutoka kilabuni. Anasema aliteleza kwa ajili ya mvua. Siku hiyo mvua haikunyesha.

Mshare zako uzifunike kwa majani makavu ya mgomba, si kwa turubai. Turubai inazipika. Mwambie Ignasi nimesema mimi. Jino la Celina, mpe kipande cha muwa atafune, akuache.

Mengine uliyoandika nimeyasoma. Usiahidi watu kwa kinywa changu, Theopista. Kinywa changu ninacho mwenyewe.

Kaka yako,
Isidori


Mtaa wa Kongo, Kariakoo.
27 Mei 1956

Kaka Isidori,

Shikamoo, ingawa leo naitoa kwa shingo upande. Kurasa mbili! Ndama dume, kiuno cha Polycarp, turubai, na Padre Dolani hata jina lake hukuliandika. Nilimsomea Marcelino barua yako, akacheka mpaka akakohoa. Anasema una kichwa kigumu kuliko reli. Mimi sikucheka. Yule mzee anakuja hapa sokoni kila Jumamosi, ananunua ndizi tatu, anauliza, "Mlimani wanasemaje?" Nimwambie wanasema ndama ni dume?

Sasa sikiliza ulichokuwa hukijui, au labda ulikijua ukatuficha. Jumamosi iliyopita alipita Bwana Risi, msimamizi wa Marcelino kule karakana, Mzungu wa Welisi mwenye kitambi, si mtu wa kucheka ovyo. Alikuwa anatafuta nanasi. Akamwona Padre, akasimama. Akatazama lile sikio, akavua kofia, uso ukamwiva, akasema, "Dolani? Dolani wa Kadifu?" Padre akawa kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Kaka, Padre wetu alikuwa mchezaji wa nchi yake! Si wa kijiji, wa nchi nzima, katika mchezo wa raga, ule mpira mrefu kama yai mnaoukimbiza mkiwa mmeushika mikononi. Bwana Risi alitusimulia hapo hapo, nanasi kwapani, na Marcelino akitutafsiria, na soko zima la ndizi likaacha kuuza. Baba yake Padre alikuwa mfua vyuma. Kijana akatoka kwenye moto wa baba yake akavikwa jezi ya kijani ya Ayalandi, akapelekwa kwa meli kucheza Uingereza, Skoti, mpaka Ufaransa. Haya yote ni kabla ya vita vile vya kwanza, vya Mjerumani. Magazeti yaliandika jina lake. Watu maelfu waliimba akipita.

Siku ya Kadifu, mji mkuu wa kina Risi, ilikuwa mvua na matope, mchezo unakaribia kwisha, Ayalandi wako nyuma. Dolani akaupata mpira. Wawelisi watatu wakamrukia, mmoja shingoni, mmoja kiunoni, na mmoja akashika sikio. Hakusimama! Akaenda nao wote watatu, kaka, akawaburura mpaka ng'ambo ya mstari, akaulalia mpira, na sikio limechanika nusu. Wakashinda. Bwana Risi alikuwa mtoto, yuko mabegani mwa baba yake, akalia njia nzima mpaka nyumbani. "Nilikuombea mabaya mwaka mzima, Padre!" alisema, na palepale akamkumbatia mbele ya ndizi zangu. Wanawake tukapiga vigelegele, wengine hata hawakujua tunampigia nini.

Na sisi Mama alitudanganya sikio lile lililiwa na chui wa Rombo! Mwambie nimejua.

Mwaka uliofuata Padre aliacha jezi akaenda seminari, magazeti yakamuuliza kwa nini, akajibu ameitwa kwingine. Basi Bwana Risi akamuuliza, "Na ule mpira wa siku ile? Tulisikia ulikabidhiwa uwe wako." Padre akasema, "Nilikuwa nao. Ulipotea." "Ulipoteaje?" Hapo akaanza kuchagua ndizi ambazo hakuwa na haja nazo.

Wewe ulicheza timu yake pale misheni, watu wa kwetu wananiambia ulikuwa na mbio za ajabu. Mbona hujawahi kunisimulia? Na kwa nini hujibu? Meli ni ya mwezi wa nane, Isidori. Nimesema.

Mdogo wako,
Theopista


Misheni, Moshi.
12 Juni 1956

Theopista,

Marahaba. Mama hajambo, ng'ombe hajambo, kahawa haijambo. Sasa nyamaza usikilize, maana nitalisema hili mara moja tu.

Wakati huo ulikuwa mgongoni mwa Mama, huna hata jino. Mimi nilikuwa shule ya misheni, nataka ualimu. Padre Dolani alikuwa mgeni, Kichagga chake kinachekesha mbuzi. Akatufundisha mchezo wake katika uwanja nyuma ya kanisa, anapandisha kanzu mpaka magotini na kukimbia nasi. Ndiyo, nilikuwa na mbio. Aliniweka pembeni kabisa akasema, wewe ukipewa mpira usimtazame mtu, kimbia. Nilipenda mchezo ule, nisikudanganye.

Ukafika msimu wa kahawa. Baba akanizuia nyumbani wiki nzima tuchume. Niliporudi Padre alinigombeza mbele ya wenzangu, akaniita mvivu, mimi ambaye mikono ilikuwa imetoka malengelenge. Nikashikwa na hasira. Nikauchukua ule mpira wake nikaupiga teke, ukaruka ukuta, ukatumbukia korongoni kwenye mto. Hatukuupata. Akaniambia nisikanyage tena shuleni.

Unajua Baba alifanya nini? Alivaa koti lake, akaenda kwenye ua wa kihamba, shamba letu la migomba, akachuma jani la isale, akalipeleka misheni kwa mikono yake miwili kuniombea msamaha. Wewe ni Mchagga, sina haja ya kukueleza. Mtu akikuletea isale umesamehe. Hata kama amekuulia ng'ombe, hata kama amekumwagia damu ya ndugu, umesamehe, na asiyesamehe mbele ya isale watu humwogopa. Padre alilipokea. Akasema asante, ni zuri. Akalitia ndani ya chupa ya maji, akaiweka juu ya meza yake. Baba aliporudi alikuwa anaimba. Aliwaita wazee, akatoa mbege, akawaambia Mzungu huyu ana heshima kuliko sisi, isale letu amelitunza majini.

Kesho yake Baba akanisindikiza shuleni pamoja na wazee wawili. Padre akanirudisha mlangoni. Mbele yao. Na lile isale tunaliona dirishani, kwenye chupa.

Ninyi mliambiwa Baba haendi kanisani kwa ajili ya miguu. Miguu yake ilikuwa mizima. Hakuingia tena kanisani mpaka alipokufa, na alikufa bila mafuta matakatifu, tukamzika kihambani na si misheni. Mimi nimekwenda kanisani miaka yote, na wazee wamenichagua, lakini ninakwenda kwa Mungu, siendi kwa Dolani. Nikipokea komunyo mkononi mwake nilifumba macho. Salamu yangu hajawahi kuipata tangu siku ile.

Aliimbiwa na umati wa Kadifu? Vizuri. Baba alikuwa na umati wa watu wawili na aliaibika mbele yao.

Isidori


Mtaa wa Kongo, Kariakoo.
1 Julai 1956

Kaka yangu,

Shikamoo, na safari hii inatoka moyoni. Nimelia, nimemaliza, nimeosha uso, naandika. Ningejua mapema nisingekutania. Maskini Baba na koti lake!

Lakini mimi si mtu wa kulala na jambo tumboni. Jumapili baada ya Misa nilimwalika Padre nyumbani, nikampikia mtori. Alipofika nusu ya bakuli nikamwambia yote, kama ulivyoandika. Marcelino ananikanyaga mguu chini ya meza, mimi nasema tu.

Padre aliweka kijiko. Akasema, "Kwetu mtu akikuletea majani mazuri siku ya kuagana, unamshukuru, unayatia majini. Baba yenu alitabasamu. Nikadhani amekubali kwamba mtoto aondoke." Alikuja kujua maana ya isale baada ya miaka, Baba akiwa kaburini. Anasema amefika kwenye ua wa kihamba chetu mara nyingi, asubuhi, na akageuka. Nikamkaripia, kaka, Mungu anisamehe, nikamwambia mbona hukuleta isale wewe, unayetufundisha kutubu? Akanijibu, "Isale mtu huchuma kwenye ua wa kwake. Mimi sina kihamba. Ningechuma la nani?" Akalia. Mzee mwenye mabega yale!

Na bado kuna jambo. Nikamuuliza ule mpira ulikuwa mpira gani. Hakutaka kusema. Nikamwambia hutoki hapa. Isidori, ule mpira ulioupiga teke ukaenda mtoni ndio ule wa Kadifu. Alisafiri nao kutoka Ayalandi mpaka kwetu ndani ya sanduku la mavazi ya Misa. Siku ile alikasirika hata hakujua anasema nini, na baadaye aliona haya kumwambia mtoto wa watu kwamba alimfukuza kwa ajili ya ngozi iliyojazwa upepo.

Basi nikasimama. Unakumbuka nilipoolewa nilichomoa kijiti cha isale kwenye kaburi la Baba nikakifunga katika khanga? Nilikipanda kwenye debe hapa mlangoni, majirani wananicheka kwamba Wachagga tunafuga nyasi. Limekuwa refu kunipita. Nikampa Padre kisu, nikamwambia, "Umekula mtori wa nyumba hii, ua huu ni wako. Chuma." Alichuma kwa mikono miwili. Jani tupu lingekaukia njiani, kwa hiyo nilimwambia akate pamoja na kipande cha shina.

Ignasi analileta, limefungwa kwenye gunia bichi, na amekatazwa kuweka kitu juu yake. Limetoka kwa Dolani, kwenye ua wa Baba. Huwezi kulikataa, kaka. Na hata ukiweza, usilikatae.

Mdogo wako,
Theopista


Misheni, Moshi.
16 Julai 1956

Theopista,

Marahaba. Kitenge kimefika, si chekundu, Scholastika amenuna. Mama hajambo.

Ignasi ameleta mzigo. Nimeupokea, usiseme nimeukataa. Nimelitia ndani ya chupa ya maji, nimeiweka juu ya meza, karibu na dirisha. Kama alivyofanya yeye. Nalitazama, ni zuri, asante.

Habari ya mpira sikuijua. Alipaswa kusema. Na ni mtu gani anachukua kitu kama hicho akawapa watoto wakiburuze kwenye matope?

Isidori


Mtaa wa Kongo, Kariakoo.
30 Julai 1956

Kaka,

Shikamoo. Ndani ya chupa! Nilipoisoma niliitupa barua uani, Marcelino akaenda kuiokota. Wewe ni mtoto wa Baba au wa nani?

Umeuliza ni mtu gani anawapa watoto mpira kama ule. Nilimpelekea swali lako kama lilivyo. Akasema aliutunza kabatini miaka mingi, na kila akiutazama anamwona kijana mwenye kiburi. Siku alipokuona wewe unakimbia, akasema moyoni, huyu ananipita mimi, mpira wenyewe ni wake. Alitaka kukukabidhi siku ya kumaliza shule. Ndiyo hivyo.

Sasa nikupe ya Jumamosi, ujue umemfungia nani mlango. Bwana Risi na Wazungu wenzake walikuwa na mechi ya raga na mabaharia wa manowari, kwenye uwanja wao karibu na bahari. Wakamwomba Padre aanzishe mpira. Akasema anakuja na wageni wake. Wageni wake tulikuwa sisi, kaka! Mimi na Celina, Mama Benedikta, Candida wa mchicha, wanawake wa ndizi wote, na khanga zetu za sikukuu. Mlinzi akatuzuia kwenye kamba. Padre akasimama naye pale pale, akasema kama hawa hawaketi, mimi napanda basi narudi. Viti vikaletwa.

Wakamtangaza jina. Wazungu wakasimama wote, na mabaharia, wakavua kofia. Akapandisha kanzu mpaka magotini, akarudi nyuma hatua chache, akaupiga. Yesu wangu! Ulikwenda juu ukakataa kushuka. Candida alisema ameuona ukipita ndege. Tulipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na Bwana Risi alikuwa analia waziwazi, kitambi kinatikisika. Mchezo ulipokwisha wakampa ule mpira.

Njiani nikamwambia, "Padre, leo umefurahi." Akasema, "Wamempigia makofi kijana wa Kadifu. Huyo alikwisha kufa. Aliyebaki ni wa mlimani, na mlimani hawajaniita."

Meli inaondoka tarehe ishirini na mbili. Sina la kuongeza.

Theopista


SIMU
MOSHI, 11 AGOSTI 1956
THEOPISTA MARCELINO, MTAA WA KONGO, DARESSALAAM
LIMETOA MIZIZI. WAZEE WAMEOMBA, WAKUBWA WAMEKUBALI. MLETE NA MPIRA.
ISIDORI


Misheni, Moshi.
9 Septemba 1956

Mdogo wangu Theopista,

Marahaba, marahaba, na nyingine za akiba. Sote wazima isipokuwa goti langu, utasikia. Mama hajambo, anapika tangu wiki mbili zilizopita na hataki kuketi. Anakiri habari ya chui. Anasema ilikuwa nzuri kuliko ukweli mpaka alipousikia ukweli.

Unataka kujua ilivyokuwa, nami nimekunyima maneno miezi yote hii, kwa hiyo leo kaa chini.

Aliyeliona ni Mama. Alikuwa anafuta meza, akainua chupa, akaniita kwa sauti ile anayoitumia nyoka akiingia ndani. Nikatazama. Mizizi myeupe, Theopista, imejaa mpaka chini, inazunguka chupa yote. Mimi nililiweka pale kwa ubaya, lione haya kama Baba alivyoona haya. Likaota! Mama akasema, "Baba yako alisema limetunzwa majini. Hakusema uongo." Akarudi kwenye kufuta meza yake.

Sikula siku ile. Jioni nikachukua jembe, nikalipanda kaburini, miguuni pa Baba. Nikamwambia kwa sauti, Scholastika ni shahidi na ananicheka mpaka leo, "Baba, Mzungu wako amelirudisha." Kisha nikaenda kuwaita wazee mlango kwa mlango. Polycarp nilimbeba mgongoni na kiuno chake. Kinywa kimoja walitaka, wakapata kinywa kimoja. Nikateremka kwa wakubwa wake mwenyewe, nikasema mbele yao, huyu ni wetu, tutamlisha, tutamwosha, tutamzika. Hawakuuliza la pili.

Siku ya basi misheni nzima ilikuwa barabarani. Ngoma, kengele, watoto juu ya miti, wanawake wameshika masale mikononi njia yote mpaka kanisani, kijani kitupu. Basi likasimama. Akateremka na mpira ule kwapani, akatazama masale yale moja moja. Watu wakanisukuma mbele. Miguu ikakataa, nakuambia kweli. Miguu ileile iliyokuwa na mbio.

Hakuningoja nifike. Aliupiga mpira kwa mkono, akanirushia kama zamani, chini na pembeni. Nikaudaka, mikono ilikumbuka yenyewe. Na yule mzee, kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni, akapiga kelele, "Usimtazame mtu!"

Basi nikakimbia. Mimi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na koti la Baba mwilini! Wenzangu wa timu ya zamani wakanifuata, wenye vipara na wenye vitambi, wengine wakanirukia wanizuie, Ignasi akanishika shingo. Sikusimama. Niliwaburura watatu, Theopista, waulize, watatu, kupita kanisa, kupita shule ile niliyorudishwa mlangoni, mpaka ndani ya kihamba chetu, nikaulalia mpira kwenye miguu ya Baba, nikavunja migomba miwili na goti moja. Vigelegele ulivyovisikia huko Dar es Salaam havikuwa kitu.

Padre alikuja nyuma kwa mwendo wake, watu wakampisha. Akapiga magoti kaburini, akaligusa lile isale. Akambariki Baba kwa maji na maneno yote aliyokosa, kwa Kichagga. Mama alilia na mimi nililia, siwezi kuficha, watu wote waliniona.

Nikainuka kwa goti langu bovu, matope mpaka masikioni, mpira mkononi. Nikamwambia mbele ya wote neno nililomnyima tangu ujana wangu.

"Shikamoo, Padre."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Marahaba, Isidori," akasema. "Umechelewa mazoezi."

Njoo Krismasi na Celina. Timu inahitaji mtu wa kukimbia pembeni, mimi goti limevimba.

Kaka yako,
Isidori